Mukwe Aliyenipa Mugongo

Nianze na harufu, juu harufu ndiyo iliyokaa nami hospitali kuliko watu wengi wa jamaa yangu. Aliyekwisha kuloweka muhogo katika shimo la maji anajua naongea nini. Siku ya kwanza maji ni maji tu. Siku ya tatu yanatoa povu, yanakuwa na rangi ya maziwa yaliyoharibika, na harufu inaingia kwenye nywele na kwenye kikwembe ulichojifunga mpaka watoto wanakuambia, mama, unanuka shimo. Sisi wanawake wa hapa Wamaza tumezoea. Unakaza roho, unaingiza mikono, unatoa muhogo, unaenda kuumenya. Mimi niliyanywa maji hayo. Mengine yakaingia mahali pa kupumulia, na miezi miwili kila nilipokohoa niliyasikia tena puani. 

Naandika katika kaye, daftari la shule la mujukuu wangu, kurasa za nyuma, sasa ambapo naweza kwenda shamba na kurudi bila kukaa njiani. Anayesoma asitafute dawa humu, mimi si munganga. Mimi ni mujane na mulimaji, nina miaka hamsini na sita, na ninachokijua ni kile kilichopita katika mwili wangu na katika nyumba yangu. Lakini kama siku moja mutu wako ataanguka mbele yako, haitiki, hapumui, na watu wamesimama wanaangaliana, basi kumbuka yangu.

Ilikuwa mwisho wa mvua, karanga zimekaribia kung'olewa. Nilikuwa na homa tangu siku mbili na niliificha, juu mwanamuke akisema anaumwa wakati wa karanga, hapa kwetu wanamuita muvivu. Asubuhi nikateremka shimoni pamoja na Riziki, binti yangu wa kwanza. Shimo letu liko kule chini penye matope, karibu na kijito, maji yake yananifika tumboni. Riziki akajaza kikapu cha kwanza, akapanda nacho. Mimi nikainama kutoa muhogo mwingine, na jua likawa jeusi. Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni lile povu likija karibu na uso wangu, na mimi nikiomba lisiniingie kinywani.

Riziki aliporudi aliona kikwembe changu kimejaa upepo juu ya maji, akadhani nimekivua nikifue. Kisha akaona mukono. Akapiga kelele, na watu waliokuwa karibu wakaja: wanawake wa shamba la jirani, wanaume watatu waliokuwa wanafyatua matofali, na kaka yangu Musafiri. Tangu mume wangu afe, Musafiri ndiye mukubwa wa nyumba yetu na ndiye anayesema neno la mwisho. Nyuma yao akaja mukwe wangu, mume wa Riziki. Alikuwa anapita barabarani na pikipiki yake ya kubebea mizigo, akaiacha pale na kuteremka mbio.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wewe wa mbali. Kwetu mama mukwe na mukwe mwanaume hawaangaliani usoni. Akija kwa njia ile, mimi naingia majanini mpaka apite. Hali chakula mbele yangu na mimi sili mbele yake. Akiwa na neno kwangu anakaa uani akinipa mugongo, anaongea na ua, na mimi najibu nikiwa ndani ya nyumba. Kumugusa, hata kidole, ni jambo la kuita wazee wakae. Na jina lake silitaji. Miaka tisa nilimuita Baba Neema, kwa jina la mutoto wao wa kwanza, na ndivyo nitakavyomuita hapa mpaka tufike mahali pake.

Kitu kingine. Mwaka mumoja kabla ya hayo, parokia iliita waendesha pikipiki kuwafundisha kusaidia watu wanaoumia njiani. Siku tatu. Walipewa mudoli mukubwa wa mupira, nusu ya mutu, wakawa wanamukandamiza kifua na kumupulizia kinywani. Wengine walikuwa wanacheka. Baba Neema peke yake hakucheka, alimupulizia yule mudoli kama ndugu yake wa damu, na watu wakampa jina, Bwana wa Mudoli. Na mimi nilicheka, tena sana. Niliwaza mudoli ule umepitiwa na vinywa vya watu wangapi, nikatema mate pale pale mulangoni pangu. Mate yale nitayarudia.

Ninayosema sasa sikuyaona, nilikuwa maiti au jirani yake. Riziki ndiye aliyenieleza, na si mapema. Wanaume walinivuta nje kwa mikono. Kikwembe kilibaki majini, na blauzi yangu, ya zamani, ilipasuka mbele yote. Macho wazi, midomo ya rangi ya majivu, povu la shimo likitoka puani. Mumoja akasema nining'inizwe miguu juu ili maji yatoke. Mwingine akasema tumbo likanyagwe. Kaka yangu Musafiri akasema kwanza nifunikwe, juu mukwe wangu amefika na haya ni matusi.

Na Baba Neema, alipofika na kuniona vile, akafanya alivyolelewa. Akageuka. Akasimama akinipa mugongo, uso kwenye michikichi, akaanza kutoa amri kwa miti. Mulazeni chali pale pagumu. Inueni kidevu. Zibeni pua, pulizeni kinywani mpaka kifua kipande. Riziki akapiga magoti, akaona yaliyokuwa kinywani mwangu, muhogo uliooza na kamasi na uji wa asubuhi, akajaribu, akarudi nyuma akitapika. Simulaumu. Mimi mwenyewe nisingejipulizia. Mwanamuke mwingine akaweka mikono kifuani pangu akawa anakandakanda polepole, kama anayeogopa kumuamsha mutoto.

Baba Neema, bila kugeuka, akauliza, "Kifua iko inapanda?"

Wakasema hapana. Akauliza kama napumua. Wakasema hapana. Akauliza tena. Riziki anasema hata hapo hakugeuka. Ndipo mutoto wangu akamuambia, "Baba Neema, mama iko anakufa na wewe uko unaangalia miti."

Akageuka. Akasukuma yule mwanamuke kando, akaniinua kidevu, akaweka kinywa chake juu ya uchafu ule akapuliza, akapuliza tena. Kisha akaweka mikono miwili mumoja juu ya mwingine katikati ya kifua changu, kifua kitupu cha mama ya muke wake, akaanza kusukuma kwa uzito wake wote, anahesabu kwa Kifaransa kama alivyofundishwa. Kila akifika thelathini anapuliza mara mbili. Ubavu ukalia kama ukuni mukavu. Watu wakasema anamuua. Musafiri akamushika shati kwa nyuma akamuvuta, shati likapasuka, na yeye akaendelea kuhesabu. Nikatapika, au tumbo langu lilitapika lenyewe. Akanigeuza kando, akaingiza vidole, akakomba, akapangusa kwa kipande cha shati lake, akarudisha kinywa pale pale. Alipochoka akamuambia Riziki ashike nafasi yake, na Riziki, sasa ameona nguvu inayotakiwa, akasukuma kweli. Wakapokezana hivyo. Muda huo ulitosha kwa jirani kupanda mpaka barabarani, kuita watu na kurudi. Kisha nikavuta pumzi moja mbaya, kama ya nguruwe, nikamukoholea mukwe wangu uchafu wote uliobaki usoni.

Hayo sikuyajua. Mimi nilifungua macho katika kituo cha afya, nikaanza kuyajua maumivu. Kesho yake walinifunga kwenye pikipiki katikati ya watu wawili na kunipeleka Kasongo, juu mapafu yalikuwa yamejaa na homa ilikuwa haishuki. Kila shimo la barabara ile naweza kukuonyesha kwenye mbavu zangu.

Hospitali, siku tunazihesabu kwa sindano. Sindano za kwanza zilikuwa za siku saba na hazikufanya kitu, wakabadilisha. Nilikaa kwenye benchi la kungoja picha ya mbavu, asubuhi mpaka adhuhuri, nikiwa nimeshika kopo la makohozi mapajani. Makohozi yalikuwa ya kijani, yana nyuzi za damu, na yananuka shimo. Watu walisogea. Na mimi ningesogea kama ingewezekana. Kila nikikohoa mukojo unatoka, na kukohoa hakukuisha, basi nilikuwa nimelowa kutwa, mutu muzima, bibi ya wajukuu wanne, nabadilishwa nepi ya vikwembe vya zamani. Nywele zikatoka kwa mafungu. Sauti ikawa ya mwanaume. Riziki alimwaga ndoo, akafua, akarudi, akamwaga ndoo. Nilichukia mikono yake juu ilikuwa inayaona yote.

Kulikuwa na mama mumoja wa Kiislamu kitanda cha pili, wa pale mujini Kasongo, Mama Zaina, aliyekuja juu ya muguu wake wa sukari. Siku ya tatu alimutuma binti yake nyumbani aniletee limau. Akalikata, akaniambia niweke nusu chini ya pua kila nikitaka kukohoa. Hakusogeza kitanda chake, hakuziba pua. Kila asubuhi nililikuta limau jipya kwenye muto wangu wa kulalia. Katika dawa zote za hospitali ile, hiyo ndiyo niliyoipenda.

Mwisho wa sindano za kwanza kaka yangu Musafiri akaja kunitazama. Akakaa, akasafisha koo, akanieleza alivyoona yeye. Kwamba mukwe wangu alinishika maziwa mbele ya wanaume. Kwamba aliweka kinywa chake kwenye kinywa changu si mara moja, mara nyingi. Kwamba wazee wamekaa. Riziki na watoto warudi kwetu, na yule mutu asikanyage nyumba yetu mpaka tutakapoona namna ya kusafisha jambo hili, kama linasafishika. Hakusema kama nilikuwa nimekufa. Alisema nilikuwa nimezirai.

Unajua nilichofanya? Niliomba sabuni. Nikasugua midomo mpaka ikapasuka. Nikamuwaza mudoli wa parokia, nikawaza vinywa vyote vile, nikatapika kwenye ndoo. Na wakati ule Baba Neema alikuwa nje, kwenye ukuta wa hospitali, amekaa pale siku tano, anapika mboga kwenye mafiga ya watu wanaouguza wagonjwa na kumupa Riziki aniletee. Sombe yote ya majani ya muhogo niliyoila ilikuwa ya mukono wake. Nikamuambia Riziki, muambie aende, sitaki hata kivuli chake.  Akatoka, akarudi, akachukua ndoo. Mukwe wangu akaacha pikipiki yake kwa ndugu yake, akaenda Lusangi kuchimba dhahabu pamoja na watu waliokimbia makwao.

Nilibaki na hasira yangu wiki nzima, naitafuna kama mwenye njaa. Siku wanayoanza sindano za mwisho, Riziki alikuwa ananiosha mugongo, na mimi nalalamika kama kawaida, kwamba nilimupa binti yangu mutu asiye na haya. Riziki akaweka beseni chini. Akanieleza yote niliyokwisha kukueleza, tangu kikwembe majini mpaka uchafu usoni. Alieleza polepole, akiangalia ukuta. Alipofika pale mume wake aliponipa mugongo, sauti yake ikabadilika.

"Alisimama vile juu ya heshima yako, mama. Nilihesabu pumzi zangu mimi mwenyewe, na wewe huna hata moja. Heshima ile ingeendelea kidogo, tungekuzika nayo."

Nikamuuliza, mujomba wako alikuwa anafanya nini.

"Alikuwa anashika shati."

Akachukua beseni akaenda kumwaga maji. Sikulia, kulia kulikuwa kunaumiza mbavu. Lakini kinyaa kilichokuwa kwa mukwe wangu kilihama pale pale, na hakikuhamia mbali. Kilinirudia mimi niliyetema mate mulangoni na kuomba sabuni. Kikawafikia wote waliosimama kwenye lile tope wameshika viuno, mikono safi, wakilinda maziwa ya maiti. Nimesikia harufu nyingi katika ugonjwa huu, na hiyo ya usafi wao ndiyo mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nisikie. Mutu asiyeitika na asiyepumua hana tena aibu ya kulindwa. Usimuning'inize miguu juu, usimukanyage tumbo. Tuma mutu akaite wanganga, na wewe anza. Mulaze chali mahali pagumu, weka mikono katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, sukuma kwa nguvu na haraka. Kama ametoka majini, mupulizie pia, pumzi ndiyo aliyokosa. Akitapika mugeuze, safisha, endelea. Ukichoka mupe mwingine. Utasikia ubavu ukivunjika, usiache. Zangu zilivunjika tatu, na sasa nabeba kikapu.

Nilirudi Wamaza kiangazi kimeanza, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Sikuweza kutwanga, sikuweza kulala ubavu. Bugali ya muhogo sikuweza kuikaribia. Riziki akiisonga mimi natoka uani. Nilikula wali na ndizi kama mugeni. Musafiri alipokuja kunipa pole nilimuuliza mbele ya watu kwa nini alishika shati. Akasema alikuwa analinda heshima yangu. Nikamuambia heshima yangu ilikuwa chini ya povu, mbona hakuingia kuitafuta. Hakupenda. Akasema ugonjwa umeniharibu akili, na jambo la wazee ni la wazee.

Nikatuma neno Lusangi kwa wenye pikipiki: Baba Neema arudi. Jibu likaja kwamba anaona haya. Nikatuma tena. Jibu likaja kwamba alinivunja mbavu, na kwamba lile la kunipa mugongo linamunyima usingizi. Kumbe yeye hakuwa na haya ya kunigusa. Alikuwa na haya ya kuchelewa. Mara ya tatu nikatuma kwamba kama haji, nitakuja mwenyewe mpaka kwenye shimo lake la dhahabu, na mbavu zangu hizi, na nikizirai njiani atakuwa na kazi tena.

Akaja mvua za kwanza zikinyesha, watu wako mashambani wanapanda karanga. Musafiri alikuwa amefika mapema na wazee wawili, wamekaa barazani wanangoja kuona nitafanya nini. Mukwe wangu akaingia uani, amekonda, akavuta kiti mpaka karibu na ua, akakaa akinipa mugongo kama zamani. Akausalimia ua. Riziki akasonga bugali, ya muhogo, juu kingine hakikuwepo. Akatenga sahani ya mume wake ipelekwe nyuma ya nyumba, asile mbele yangu.

Nikamunyang'anya ile sahani. Nikatoka nayo mulangoni, nikachukua kigoda, nikakaa hatua mbili nyuma ya mugongo wake. 

Nikasema, "Feruzi."

Miaka tisa sikuwahi kulitaja jina hilo. Shingo yake ikakakamaa.

"Feruzi, geuka. Mara ile uligeuka ukakuta maiti. Geuka tena uone mutu."

Alichelewa, kama alivyochelewa mara ile. Kisha akageuka, kiti na yote. Nilimuona usoni kwa mara ya kwanza. Ana mwanya kwenye meno ya juu na kovu dogo kwenye kidevu, na macho yake yalikuwa mekundu. Niliweka sahani katikati yetu. Harufu ya shimo ikapanda kutoka kwenye bugali mpaka ndani ya kichwa changu, mate yakajaa kinywani. Nikamega tonge, nikalichovya kwenye sombe, nikalila mbele ya macho yake. Likashuka vibaya, lakini likashuka. Musafiri akasimama, akatema mate, akaondoka na wazee wake.

Nikamusogezea Feruzi sahani. Akanawa, akamega. Bugali ile ilinuka, na tuliimaliza.